Mama Hafuti

Nyumbani
2 Machi

Kumb. Na. MM/K/01

Kwa: Mama Mapacha
YAH: KUPOKEA KOMPYUTA MOJA

Mke wa mwanangu, salamu nyingi kwako, kwa Baba Mapacha na kwa hao wajukuu wangu wawili.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimepokea kutoka kwenye basi vitu vifuatavyo: kompyuta moja iliyotumika, kibodi moja, kipanya kimoja, printa moja, na kijiti cha pipi kilichoganda chini ya kibodi, ambacho nadhani ni mali ya mapacha. Kijiti nimekitupa. Vingine nimevipanga kwenye meza ya sebuleni na kuvifunika kwa kitambaa nilichofuma mwenyewe.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu Jumapili tulijaribu simu na yaliyotokea unayajua. Ulisema "bofya pale" mara kumi na moja. Nilihesabu. Pale wapi, hukusema. Mimi nikatoa maneno, wewe ukanyamaza kwa adabu, na huko kunyamaza kwako kulinikera kuliko kama ungenijibu. Nimekuwa taipisti miaka thelathini na moja, chini ya wakurugenzi wanne, na kazini kwetu maelekezo yalikuwa yanaandikwa. Kwa hiyo andika.

Hali yenyewe unaijua, lakini naiweka kwenye kumbukumbu. Fundi wetu wa lifti, yaani mwanangu, yaani mumeo, ametoa amri. Mwezi huu ukiisha sijapata shughuli, anakuja na pikapu kunipakia mimi na kitanda changu nikaishi kwenu, kwa sababu eti mtu mzima hawezi kukaa peke yake anabishana na redio. Sijasema nyumba yenu ni mbaya. Nasema nina nyumba yangu. Mkuu wa chuo cha useremala anatafuta katibu muhtasi, na amekubali kunipima tarehe 28: barua ya ukurasa mmoja, kwa kompyuta, kwa nusu saa, yeye akiwa anaangalia. Nikifaulu, pikapu haiji. Nikishindwa, nafunga godoro.

Barua hii, kama unavyoona, nimeiandika kwa kompyuta hiyo hiyo na kuitoa kwa printa hiyo hiyo. Siyo ngumu kama watu wanavyoikuza.

Wako,
Mama

Nakala: Faili


Kiwandani, saa ya chai
6 Machi

Mama,

Shikamoo. Mapacha wanakusalimu. Ile pipi, kila mmoja anasema ni ya mwenzake.

Barua yako imefika na nimeisoma mara mbili. Siku chache tu na tayari unaandika na kutoa kwenye printa! Hapa tuna watu waliosomea kabisa, na karatasi ikikwama kidogo wanaita fundi. Hongera sana, Mama. Kusema kweli umeniacha mdomo wazi.

Ila kwa kuwa umeniagiza niandike, naandika. Kwanza kitambaa. Kitambaa ni kizuri mno, lakini kompyuta inapumua kwa nyuma, na ukiifunika wakati inawaka itapata joto ijizime. Ukishaiwasha, tafuta ile picha ya ukurasa wenye penseli, weka mshale wa kipanya juu yake, ubofye mara mbili upesi upesi. Utafunguka ukurasa mweupe. Hapo piga kama ulivyozoea, isipokuwa mwisho wa mstari usibonyeze chochote. Endelea tu. Mashine inashuka yenyewe mstari wa pili. Kengele ya mwisho wa mstari, ile ya taipureta, haipo, Mama, usiisubiri. Ukimaliza bofya neno Hifadhi pale juu kushoto (leo nimesema pale wapi!), uipe barua jina, ili uikute kesho.

Kuhusu Jumapili, nisamehe. Kazi yangu hapa ni kusoma prufu, kutafuta makosa kabla kitabu hakijaenda mtamboni. Kutwa nzima nawaambia watu wazima wamekosea wapi na wala sioni aibu. Lakini kumwambia mama wa mume wangu "hapana, siyo hapo" ulimi unakuwa mzito. Ndiyo maana nilinyamaza.

Mwanao,
Mama Mapacha

Tena: printa haijakusumbua? Hata kidogo?


Nyumbani
10 Machi

Kumb. Na. MM/K/02

Kwa: Mama Mapacha
YAH: MAENDELEO NA MALALAMIKO

Husika na barua yako ya tarehe 6.

Kitambaa nimekitoa. Kengele kweli hakuna. Pamoja na kuambiwa, nilijikuta naisubiri, na maneno yalipojiangusha yenyewe mstari wa chini nilipiga ukelele mpaka jirani akaja mbio na mwiko mkononi.

Sasa malalamiko. Naandika "Ndugu Mkurugenzi", mashine inapiga mstari mwekundu chini yake. Naandika "tafadhali", mwekundu. Naandika "salamu", mwekundu. Ukurasa mzima umekuwa daftari la mtoto wa darasa la pili. Mashine gani hii ya kunifundisha lugha niliyonyonya? Na baada ya kila nukta inaweka herufi kubwa yenyewe bila kutumwa. Ni kweli hapo ndipo inapotakiwa, lakini nani kaiagiza?

Halafu kibodi hii ni laini kupita kiasi. Vidole vyangu vimezoea kupiga. Nikigusa "a" moja zinatoka saba.

Hapo ndipo lilipo tatizo. Nimehifadhi kama ulivyosema, na mpaka asubuhi ya leo ninazo Barua 1 mpaka Barua 43. Iliyokwenda mbali kuliko zote ni Barua 29, imefika mstari wa tisa. Utauliza kwa nini. Kwa sababu nikikosea naanza ukurasa mwingine, hivyo ndivyo kazi inavyofanywa. Najua kuna namna ya kufuta, jirani alinionyesha, nikamwambia aende akasonge ugali wake. Sisi hatukuwa tunafuta. Karatasi ikikosewa inatoka kwenye mashine, inachanwa, inaingia nyingine. Barua iliyofutwa ni barua yenye jambo la kuficha. Mkurugenzi wa pili aliwahi kuinua barua yangu dirishani, kwenye mwanga, atafute mahali nilipokwangua kwa wembe. Hakupapata, maana hapakuwepo.

Zimebaki siku kumi na nane. Kwa mwendo huu nitaingia kwenye mtihani na mistari tisa.

Printa inafanya kazi vizuri, asante kwa kuuliza.

Wako,
Mama

Nakala: Faili


Kiwandani
14 Machi

Mama,

Shikamoo.

Mistari myekundu isikuumize roho. Mashine inadhani unaandika Kiingereza, ndiyo maana inakuona umekosea kila kitu. Kwenye karatasi ya pili nimekuchorea pa kubofya ili uchague Kiswahili. Ikishajua unachosema itatulia.

Sasa kufuta. Mama, futa. Nakuomba kwa magoti yote mawili. Kwenye kibodi, upande wa kulia juu, kuna kitufe chenye mshale unaotazama kushoto. Kila ukikibonyeza inaondoka herufi moja, wala pembeni hapaguswi. Na ukifuta kisichotakiwa, shika kitufe cha Ctrl, ukiwa umekishika bonyeza Z, kile ulichofanya kinatenduliwa, kinakuwa kama hakikufanyika. Hapa kwetu hakijatoka kitabu hata kimoja bila kufutwa. Mwandishi anafuta, mimi nafuta, fundi wa kupanga kurasa anafuta nilichofuta mimi, tunagombana, tunakunywa chai, tunarudi kufuta. Hakuna anayeficha kitu. Tunatengeneza tu.

Sasa naomba usinikasirikie. Waya wa printa ninao mimi. Niliusahau siku ya kufunga mzigo, na tangu siku hiyo uko kwenye droo ya jikoni kati ya vijiko. Bila huo waya printa yako ni sanduku tu, Mama, unaweza kuwekea maua. Nilikuwa nasubiri uniulize. Ukaniandikia inafanya kazi vizuri! Nilicheka kantini mpaka mpishi akaniletea maji.

Na hata bila habari za waya ningejua. "O" zako zinatoboa karatasi, na "e" ya mashine yako ya nyumbani inaruka juu ya mstari kidogo, kila mahali. Hiyo "e" ningeitambua popote. Siyo kosa, mimi naipenda. Lakini tarehe 28 Mkuu wa chuo hatakuruhusu uingie na taipureta chini ya gauni.

Waya uko ndani ya kifurushi hiki. Ncha bapa kwenye kompyuta, ncha ya mraba kwenye printa.

Mwanao,
Mama Mapacha


Nyumbani
18 Machi

Mama Mapacha,

Waya umefika. Nimekamatwa na sina cha kujitetea. Mashine yangu iko chini ya meza, nimeifunika kwa kile kitambaa ulichoniambia nikitoe juu. Barua hii naiandika kwa mkono ili pasiwe na ubishi.

Nilicheka na mimi. Nilikuwa bado nacheka nilipofika kwenye ile habari ya "e", nikaacha kucheka.

Unasema "e" ya mashine yangu ya nyumbani ungeitambua popote. Umeijulia wapi? Ile barua ya kupanga harusi yenu niliipiga ofisini, kwa mashine ya ofisi, na "e" yake ilikuwa imenyooka. Tangu muoane nawaandikia kwa mkono, kwa sababu barua za nyumbani hazipigwi taipu. Nimepekua faili zangu zote. Kabla ya mwezi huu, mashine hii imetuma kwenu barua moja tu. Ilikwenda kwa mwanangu, miaka sita iliyopita, wiki mbili kabla ya harusi, na juu yake niliandika SIRI.

Uliisoma?

Sikuulizi kwa simu. Nijibu kwa maandishi. Mazoezi nimeyasimamisha, mikono haitaki.

Mama wa mumeo


Nyumbani kwetu
21 Machi

Mama,

Shikamoo.

Niliisoma. Ilikuwa mwezi wa pili wa ndoa. Nilikuwa natafuta bisibisi kwenye sanduku la zana la Baba Mapacha, nikaikuta imekunjwa mara nne chini ya koleo. Niliona mwandiko wa mashine, sikujua ni wa nani, nikaifungua. Ningeweza kusema niliishia mstari wa kwanza, lakini tumeshadanganyana vya kutosha mwezi huu.

Naikumbuka yote. (a) Kwamba binti huyu ni mjuaji. (b) Kwamba amemwaibisha mama wa mchumba wake mbele ya wazee wa pande zote mbili. (c) Kwamba mtu wa kutafuta makosa kwenye karatasi atayatafuta na kwa mume, na ndoa haitamaliza mwaka.

Kuhusu (b), Mama, kwenye ile barua ya kupanga harusi uliandika kwamba harusi itakuwa tarehe 31 Juni. Ikasomwa mbele ya watu wote, na mimi nikasema Juni ina siku thelathini. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, mdomo ulitangulia akili. Watu wakaangua kicheko. Nilipouona uso wako nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Sikuwahi kukuomba radhi kwa sababu kuomba radhi kungekuwa kulitaja tena. Leo nimeshalitaja, kwa hiyo naomba radhi.

Barua yako niliilia pale pale sakafuni, kati ya misumari. Nilipomaliza kulia, unisamehe kwa hili pia, nilichukua penseli nikaisoma upya nitafute makosa. Mama, sikupata hata moja. Kila nukta mahali pake, kila mstari umepimwa. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Nikaikunja nikairudisha chini ya koleo, na Baba Mapacha mpaka leo hajui.

Na kwa kuwa tumefika hapa, acha nimalizie. Kompyuta nilikutumia ili pikapu isije. Niliogopa kuishi nyumba moja na mtu aliyeandika (c). Hilo lilikuwa la mwanzoni. Zikaja Barua 43, akaja jirani na mwiko, nikawa napita posta kila jioni kuangalia kama umeandika. Sasa nataka ufaulu kwa sababu unaitaka hiyo kazi. Ukifaulu au ukishindwa, chumba cha nyuma kina meza imara na dirisha linafunguka vizuri. Njoo ukitaka mwenyewe, usije kwa pikapu.

Rudi mezani, Mama. Zimebaki siku saba. Ukinikasirikia, nikasirikie tarehe 29.

Mwanao,
Mama Mapacha


Nyumbani
29 Machi

Mama Mapacha, mwanangu,

Leo ni tarehe 29. Nimejipima, hasira sina.

Hii ni printa. Tazama "e", zimenyooka zote. Ile ya kwangu nimeikumbuka kidogo.

Barua yako ilinifikia Jumanne. Nilikaa nayo kitini mpaka chai ikapoa, nikaichemsha tena, ikapoa tena. Mchana nikanyanyuka nikaiwasha mashine. Nilikuwa na aibu, na aibu ikinishika lazima mikono ifanye kazi.

Jana nilikwenda. Mkuu wa chuo ni seremala mwenyewe, penseli sikioni, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Akanipa barua aliyoiandika kwa mkono wake, ya kumlalamikia muuza mbao kwamba mbao zote alizoleta zimepinda. Bahati nzuri kibodi yao ni ngumu, tukaelewana. Nilipiga kwa nguvu zangu zote. Watu wawili walichungulia mlangoni kujua ni nani anapigilia misumari ofisini kwa Mkuu.

Mstari wa nne nikakosea. Usicheke. Yeye kaandika mbao thelathini, mimi nimeandika thelathini na moja.

Nililiona mara moja. Mkono ukaenda wenyewe kufungua ukurasa mpya, na saa ukutani inasema zimebaki dakika kumi na mbili. Nikahesabu: nikianza upya simalizi, nisipoanza upya inakwenda na kosa, na pikapu inakuja. Nikakukumbuka wewe na magoti yako mawili. Nikatazama dirishani kama kuna mtu. Nikafuta. Ikaondoka "moja", ikaondoka "na", herufi kwa herufi, na pale palipokuwa na kosa pakabaki peupe, hapana hata mkwaruzo. Mwanangu, nilikaa nikapatazama. Mkuu akaniuliza, "Mama, kuna tatizo?" Nikamwambia hapana, nimefuta tu. Akasema, "Si ndiyo kazi yake?"

Nikamaliza, zimebaki dakika mbili. Akaiinua barua juu dirishani, nikamkumbuka yule mkurugenzi wa pili. Kumbe miwani yake kaisahau karakana. Akasoma, akasema, "Unaanza Jumatatu."

Basi mwambie fundi wako wa lifti pikapu ibaki huko. Kazi ninayo na nyumba yangu ninayo. Ila chuo kikifungwa nitapanda basi mwenyewe nije wiki mbili. Hicho chumba cha nyuma usikijaze nguo za kupiga pasi. Na nikiwa huko ukiona nimekosea, sema, usininyamazie. Huko kunyamaza kwako ndiko sitaki kukuona tena.

Niliporudi jana nilifuta Barua 1 mpaka Barua 43, zote, kwa mkono mmoja, nakunywa chai kwa mkono wa pili. Utamu wake ulinizidi. Nikatafuta kingine cha kufuta, nikaenda kufungua kabati la faili.

Unajua mimi kila barua ninayopiga naacha nakala ya kaboni. Ile ya SIRI ipo, miaka sita, haina hata kunyanzi. Niliitoa nikaisoma kwa sauti, peke yangu, na redio nimeizima. Ulisema hukupata kosa. Basi siku hiyo penseli yako ilikuwa butu, kwa sababu mimi nimepata matatu. Kwenye (a), mtu anayejua kitu haitwi mjuaji. Kwenye (b), aliyeniaibisha ni mimi mwenyewe. Nimehesabu kwa vifundo vya ngumi, mkono wa kulia na wa kushoto, na Juni ina siku thelathini. Bila mdomo wako mpaka leo mngekuwa mnaisubiri siku ya harusi. Kwenye (c), mmemaliza mwaka mara sita, na mapacha juu yake.

Nisamehe, mwanangu. Ningeomba hivi miaka sita iliyopita kama ningejua unajua, na huo nao ni udhaifu, maana nilipaswa kuomba hata kama hujui.

Kwenye karatasi hakuna Ctrl wala Z. Nimeiangalia juu na chini. Kwa hiyo naiweka ndani ya bahasha hii, mikononi mwako. Ile nyingine iko chini ya koleo, unapajua. Zichane zote mbili, au wape mapacha wachore upande wa nyuma, mradi nikija nisizikute.

Wabusu wajukuu. Pipi nimewanunulia, ila wasile karibu na kibodi.

Mama

Nakala: Hakuna